Jibu: Mpira wa kriketi wa gramu 156 usiwanunulie mabinti

Mkuu, hizo dazeni mbili za mipira ya kriketi ya gramu 156 unazotaka kuwanunulia mabinti wanaoanza, usizilipie. Unasema muuzaji amekuambia mpira ni mpira tu, na kocha mmoja kakushauri mabinti waanze na mzito ili mwepesi uje kuwa mteremko. Wote wawili wanakupoteza. Inakera, maana jibu limo kwenye sheria, na hawa ndio walipaswa kuzijua.

Sheria za kriketi toleo la 2017: mpira wa wanaume ni gramu 155.9 hadi 163, mzingo sentimita 22.4 hadi 22.9. Wa wanawake ni gramu 140 hadi 151, mzingo 21 hadi 22.5. Dukani mara nyingi umeandikwa gramu 142. Marizanne Kapp, mrushaji wa Afrika Kusini, alipoivuruga Uingereza kwa wiketi 5 (yaani aliwatoa wapigaji watano) kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia 2025, aliushika huo mwepesi. Kwa nini binti anayeanza leo apewe mzito kuliko wa Kapp?

Uzito ni nusu ya tatizo, nusu nyingine ni unene. Mwambie binti ashike mpira, vidole viwili vya juu kandokando ya mshono, dole gumba chini. Tazama kati ya mpira na kiganja: lazima uone uwazi. Mpira mkubwa kwenye mkono mdogo unateleza hadi ndani ya kiganja, kifundo cha mkono kinalala, na mshono unatoka umepinda. Hapo hakuna mpira wa kuyumba hewani. Mrushaji wa mizunguko, yule anayeuzungusha mpira kwa vidole, ndiye anaumia zaidi, kwani vidole havifiki kwenye mshono kuuzungusha, kwa hiyo anausukuma tu. Akitafuta nguvu zaidi anakunja kiwiko na kukinyoosha wakati wa kuachia. Kikinyooka kupita nyuzi 15, kimataifa huo ni utupaji, yaani urushaji haramu, na tabia hiyo ikishakaa kuing'oa ni kazi.

Halafu hesabu. Ova moja ni mipira sita, kwa hiyo kwenye ova 20 una mipira halali 120. Kila waidi, yaani mpira uliopita mbali na mpigaji, inampa mpinzani mkimbio (pointi) na mpira unarudiwa. Mrushaji asiyeweza kuutawala mpira anarusha waidi, anadundisha mapema mno, au unamfikia mpigaji bila kudunda kabisa, anaugonga nje ya mpaka.

Umeuliza pia mechi za kimataifa. Tangu 1 Julai 2018, mechi ya ova 20 kati ya timu za wanawake za nchi mbili wanachama wa ICC, Baraza la Kimataifa la Kriketi, ina hadhi rasmi ya kimataifa. Mlango uko wazi, lakini na rekodi inabaki. Juni 2019 kule Rwanda, Uganda ilifunga mikimbio 314 kwa wiketi 2 dhidi ya Mali, na zaidi ya 50 ilikuwa ya ziada: waidi na noboli (mipira iliyorushwa kinyume cha sheria). Mabinti wa Mali sina neno nao, walithubutu. Nawalaumu wakubwa wanaopeleka timu mashindanoni kabla warushaji hawajajua kuachia mpira.

Mengine kwa haraka. Njia ya kurushia usiifupishe kwa watu wazima, ni mita 20.12 kama ya wanaume. Mpaka wa uwanja ndio unasogezwa karibu: wanawake kimataifa ni kati ya mita 55 na 64 hivi. Bati, yaani gongo la kupigia, binti ajaribu kuliinua kwa mkono wa juu peke yake. Bega likishuka, tafuta jepesi.

Mzigo ukifika, usiamini maandishi ya kwenye boksi. Chukua mizani ya jikoni, pima mpira mmoja mmoja, zungushia uzi katikati kisha upime huo uzi kwa rula. Uliozidi gramu 151 au sentimita 22.5 urudishe siku hiyohiyo, kabla haujaguswa na bati, maana ukishachubuka hakuna muuzaji atakayeupokea. Walio chini ya miaka 13 sheria inawapa mwepesi zaidi, gramu 133 hadi 144, kwa hiyo wao agiza wa 135.