Chuo cha jamii Marekani: asilimia, SNAP na gari lililokufa

Chuo kipi cha jamii (community college, cha kozi za miaka 2) hapa Texas kina asilimia kubwa ya wahitimu? Nataka kumwandikisha mdogo wangu. (Houston)

Kila mwezi swali hili hili. Asilimia mnayoishangilia huwahesabu wanaoanza chuo kwa mara ya kwanza, tena wa muda wote, wakamaliza kozi ya miaka 2 ndani ya miaka 3. Mama anayesoma masomo mawili usiku baada ya shifti hayumo. Aliyewahi kuanza chuo kingine hayumo. Na kijana aliyesoma mwaka mmoja akahamia chuo kikuu bila cheti huwekwa upande wa wasiohitimu. Uhamisho una safu yake, ambayo hakuna anayeifungua. Jedwali jingine la serikali huwafuata hata wa muda kwa miaka 8. Someni hilo.

Kama mdogo wako atabeba boksi mchana, asilimia ile haimhusu. Piga simu chuoni: mshauri mmoja ana wanafunzi wangapi? Darasa la usiku likiisha, basi bado lipo? Akikwama kodi ya nyumba amwone nani? Amarillo College, huko huko kwenu Texas, waliweka kituo cha kushughulikia hayo hayo, na 2023 walikuwa miongoni mwa washindi wawili wa tuzo ya Aspen, inayopewa vyuo vya jamii vinavyofanya vizuri. Kule New York, mpango wa ASAP wa CUNY, chuo kikuu cha jiji, uliwapa wanafunzi kadi ya usafiri ya mwezi, vitabu na mshauri wa karibu. Watafiti walipowagawanya wanafunzi kwa kura, wa mpango waliohitimu ndani ya miaka 3 walikuwa 40%, wenzao 22%. Wanaosema anayeacha chuo ni mvivu waanzie hapo.

Nina viza ya F-1, ya mwanafunzi wa kigeni. Naweza kupata SNAP, ule msaada wa serikali wa kununua chakula? (Atlanta)

Hapana. Wala ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato kidogo. Na dalali aliyekwambia utajilipia ada kwa kufanya kazi mjini amekudanganya: unaruhusiwa saa 20 kwa wiki, ndani ya chuo, wakati wa muhula.

Nasoma krediti 9, nafanya kazi saa 16 kwa wiki, nina mtoto wa miaka 4. SNAP wamenikataa eti kwa sababu ni mwanafunzi. (Columbus)

Dada, mtoto ulimtaja? Mwanafunzi wa nusu muda au zaidi hukataliwa mpaka aoneshe msamaha. Wengi wanajua ule wa kazi ya saa 20 tu. Kumlea mtoto wa chini ya miaka 6 ni msamaha tosha; kazi ya chuo inayolipwa kwa fedha za serikali kuu ni mwingine. Omba upya, andika umri wa mtoto, na ukikataliwa dai barua yenye sababu kisha ukate rufaa.

Ila makaratasi ya uhamiaji ni suala jingine. Sheria ya Julai 2025 imewatoa SNAP wakimbizi ambao bado hawajapata ukazi wa kudumu. Ndugu zangu mliotoka Congo, ukitimiza mwaka mmoja nchini peleka ombi la kadi ya kijani. Msingoje.

Gari limekufa, kazini siendi, darasani siendi. Niache tu muhula huu? (Dallas)

Usitoweke kimya kimya. Ukiacha masomo yote kabla ya 60% ya muhula kupita, msaada wa serikali hukatwa kwa siku. Umepewa dola 3,000, ukaondoka siku ya 30 kati ya 100: ulichostahili ni 900. Chuo hurudisha fungu lake serikalini, kisha kinakudai wewe, na deni hilo linaweza kukuzuia kujiandikisha muhula ujao. Zile W, alama za masomo uliyoyaacha, nazo huhesabiwa kama masomo uliyojaribu ukashindwa kumaliza, zikakuharibia sifa ya msaada.

Kesho nenda ofisi ya misaada ya fedha na risiti ya fundi. Omba mawili, kwa maandishi: fedha za dharura za chuo, na hesabu ya FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, ipitiwe upya kwa kuwa kipato kimeshuka. Fomu ilitumia taarifa za kodi ya mapato za mwaka wa juzi; haijui kwamba gari limekufa. Mwulize pia mwalimu kama kuna darasa la mtandaoni linaloanza katikati ya muhula.

Kuna mtu anajaza FAFSA kwa dola 80. Ni bei nzuri? (Minneapolis)

Ni bure. Nimeandika hili mara ngapi?

Stoo ya chakula ya chuo inauliza makaratasi ya uhamiaji? (Portland)

Nyingi huomba kitambulisho cha mwanafunzi tu. Wa F-1 naye aende. Beba mfuko, na uulize siku ya mboga mbichi. Siku nyingine utakuta makopo.