Kwa mwongozaji anayeanza kazi na waigizaji chipukizi

Mwongozaji mgeni anapokabidhiwa waigizaji wa umri wa miaka 12 hadi 17, mara nyingi hukimbilia njia inayoonekana kuwa ya mkato: anapanda jukwaani, anatamka sentensi kama anavyotaka isikike, kisha anamwambia mtoto airudie. Mimi niliifuata njia hiyo kwa misimu mitatu katika kikundi cha kata yetu, Temeke, na sikatai kwamba mazoezi yalikwenda haraka. Ubaya wake niliuona siku ya onyesho, pale wahusika sita, akiwamo bibi kizee na askari wa mgambo, walipozungumza wote kwa sauti yangu, pamoja na kigugumizi kidogo kinachonishika ninapokaribia neno refu.

Tangu hapo nimejizuia kumwonyesha mtoto namna ya kusema, badala yake ninampa kitu cha kufanya. Tulikuwa na msichana wa miaka 13 aliyeigiza mama aliyepanga foleni ya maji tangu alfajiri, naye alisema maneno yake kama anayesoma tangazo la shule. Nilimpa ndoo yenye lita kumi za maji, si ndoo tupu, nikamwagiza avuke jukwaa, aseme maneno yaleyale, na asimwage hata tone. Mara ya kwanza alimwaga na wenzake wakacheka. Mara ya tatu pumzi ilimkatika katikati ya sentensi, akatua ndoo, akashika kiuno, akaimalizia kwa hasira ambayo nisingeweza kumfundisha. Sikumsifu sana, kwa kuwa mtoto aliyesifiwa kwa kilio kizuri hulia vilevile kila siku hadi kilio kinakauka. Nilimwambia tu kwamba kesho ndoo itakuwa palepale.

Muswada wa igizo nao usiushushe kutoka juu ukitaka vijana waukariri kwa moyo. Mradi wa TUSEME, ulioanzishwa mwaka 1996 na wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliwaanzisha wanafunzi wa sekondari, hasa wasichana, kwa kuchunguza wenyewe matatizo yanayowakwamisha; walichokipata wakakigeuza igizo, na baada ya onyesho hadhira ikajadiliana nao. Utaratibu huo unafaa hata kwa kikundi kisicho na fedha. Kijana anayeigiza jambo alilolileta mwenyewe hahitaji kuelezwa kwa nini mhusika amekasirika, na akisahau maneno hupata mengine, kwa kuwa kisa anakijua.

Hata hivyo, chukua tahadhari hapa. Igizo likigusa kipigo au fedheha, usimpe nafasi hiyo mtoto ambaye unajua jambo hilo liko nyumbani kwao, na usimchimbe akueleze ili aigize vizuri zaidi. Onyesho la dakika 40 halina thamani hiyo. Kila baada ya mazoezi ya namna hiyo sisi huvua maleba, yaani mavazi ya jukwaani, tunaitana kwa majina yetu halisi na kucheza rede au kuimba kabla ya kuagana.

Kuhusu ratiba sina mengi: onana na wazazi kabla ya zoezi la kwanza, uliza siku za madrasa, kwaya na masomo ya ziada, maliza kabla ya giza, na kila mhusika mkuu awe na mbadala wake anayehudhuria na kukariri kama yeye.

Sauti inahitaji muda mrefu kuliko wanavyodhani wengi, kwa sababu uwanja wetu hauna kuta, bodaboda zinapita, na hadhira yenyewe haikai kimya. Watazamaji watamwonya mhusika, watamzomea mwizi, na mama mmoja atapaza sauti kumtambulisha mwanawe. Kijana asiyezoeshwa hayo huendelea kusema juu ya kicheko na maneno yote yanapotea. Kwa hiyo, wiki mbili za mwisho, waigizaji walio nje ya tukio hukaa mbele ya jukwaa kama hadhira na kupiga kelele kwa makusudi, ili walio jukwaani wajifunze kungoja kicheko kishuke bila kutoka kwenye nafsi za wahusika wao.

Siku ya onyesho lenyewe kaa nyuma kabisa na ufunge mdomo, maana mtoto akikuona unamtamkia maneno atakutazama wewe na kumwacha mwenzake. Katika onyesho letu lililopita, mvulana aliyecheza mume alisahau maneno, akabaki ametumbua macho. Yule msichana wa ndoo alimtazama kidogo, akasema, “Leo umekuwa bubu? Basi nitue ndoo.” Uwanja mzima uliangua kicheko, mvulana akampokea ndoo, na wakati anaitua maneno yake yakamrudia. Tumeiingiza sentensi hiyo kwenye muswada, ingawa mvulana anadai kwamba inamdhalilisha.