Kumlea mtafiti chipukizi anayechunguza tofauti za jinsi

Ndugu, umeeleza kwamba mtafiti chipukizi katika maabara yako huko Marekani anataka kujaribu dawa ya usingizi kwa panya wa jinsi zote mbili, nao wenzake wanamwambia kwamba majike watamwongezea gharama maradufu na homoni zao zitavuruga matokeo.

Hoja ya homoni ni dhaifu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba vipimo vya majike havitawanyiki zaidi kuliko vya madume, hata pasipo kufuatilia mzunguko wao wa homoni. (Madume wanaofugwa pamoja hupigana, na ugomvi huo nao hubadilisha homoni, ingawa ni nadra kusikia ukilalamikiwa.)

Hoja ya gharama ina ukweli kiasi. Badala ya madume 20 anaweza kutumia madume 10 na majike 10, akapima athari ya jumla ya dawa bila kuongeza mnyama. Lakini akitaka kuthibitisha kwamba jinsi hizo zinaitikia dawa kwa namna tofauti, kwa kawaida idadi hiyo haitatosha, na hapo ndipo unapopaswa kumkutanisha na mtakwimu kabla majaribio hayajaanza.

Katika ombi la fedha, ataje kwamba mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipunguza kipimo cha kuanzia cha zolpidemu, dawa ya usingizi, kwa wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5, takriban miaka 20 baada ya kuiidhinisha. Nawe ukubaliane naye mapema, kwa maandishi, kwamba mada hii ataondoka nayo atakapoanzisha maabara yake.