Nyumba sita, vijiji vitano

Kama umewahi kukaa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, unajua kikao kinavyochangamka barua ya fedha za nyumba za watumishi ikisomwa. Kila mwenyekiti wa kijiji anataka kusema wa kwanza. Mimi nilikuwa mtendaji wa kata moja ya mwambao wa ziwa, mkoa wa Mwanza, kwa hiyo ndiye niliyekuwa katibu wa kikao hicho. Sasa nimestaafu. Mgao wa kwanza niliusimamia vibaya, wa pili tukaupatia, na naandika kwa sababu naona kata nyingi bado zinaparamia kosa lile lile letu.

Mara ya kwanza zilikuja fedha za nyumba sita, za walimu na wahudumu wa zahanati. Vijiji vyetu ni vitano. Hesabu ikaonekana nyepesi: kila kijiji kichukue moja, ya sita ibaki makao makuu ya kata. Robo saa tumemaliza, makofi yakapigwa. Nikaandika muhtasari kwa furaha kwamba hakuna aliyegombana na mwenzake.

Nyumba zilipokamilika nilikwenda kijiji chetu cha rasini. Mwaka ulikuwa 2020, ziwa limepanda. Mwalimu mmoja wa kike alikuwa amepanga chumba pale mwaloni, ufukweni wavuvi wanakoshusha samaki, katikati ya vichanja vya dagaa. Kitanda chake kilisimama juu ya matofali, manne kila mguu, na madaftari ya wanafunzi ameyafunga ndani ya mfuko mtupu wa saruji, yananing'inia kwenye kenchi yasilowe. Shule ile ilikuwa na walimu tisa na nyumba mbili tu, ya zamani na hiyo mpya. Wakati huo huo kule makao makuu ya kata nyumba ya sita ilikuwa na kufuli, kwa kuwa walimu wa pale walishapanga vyumba vizuri senta, kwenye umeme na maji ya bomba. Mwalimu hakulalamika. Aliniuliza tu, "Mzee, ile ya kule haina mtu?" Nilikosa jibu. Muhula uliofuata alihama.

Kwa hiyo fedha za nyumba nne zilipokuja baadaye, niliomba kikao kisitaje jina la kijiji chochote siku hiyo. Tukubaliane kwanza tunahesabu nini. Tulichagua vitu viwili: watumishi wangapi hawana nyumba iliyo karibu kiasi cha kufika kazini kwa miguu, na je, mtumishi akiwa na hela yake anaweza kupata chumba cha kupanga kijijini hapo? Hilo la pili ndilo wengi hulisahau. Kijiji cha barabarani chenye walimu kumi wasio na nyumba ya serikali kinaweza kuwa na nafuu kuliko kijiji chenye watatu ambako hakuna hata banda la kupangisha.

Halafu tukatembea. Nakusihi, hatua hii usiiruke hata kama huna posho ya kuwapa watu. Wenyeviti wote watano walikwenda pamoja katika vijiji vyote vitano, kwa miguu, kwa bodaboda, na rasini kwa mtumbwi. Mwenyekiti wa makao makuu, aliyekuwa mkali kuliko wote kwenye kikao, alisimama ndani ya kile chumba cha mwaloni, safari hii anaishi mwalimu mwingine, akaangalia alama ya maji ukutani. Tulipotoka akasema, "Mwenzetu apewe mbili. Mimi nasubiri." Takwimu zangu zisingemfikisha hapo.

Safari hiyo ndiyo iliyonionyesha pia tatizo la maboma. Utaratibu uliozoeleka ni wananchi wajenge boma, yaani kuta bila paa, mpaka usawa wa lenta juu ya milango na madirisha, kisha halmashauri iezeke na kumalizia. Ni utaratibu mzuri, unajenga umiliki. Lakini ukiufanya kuwa kigezo cha mgao, kijiji chenye mwalo mkubwa kinachangisha na kusimamisha boma kwa msimu mmoja, na kijiji cha wakulima wa pamba kinabaki na msingi wenye majani. Mwenye nacho ndiye anaongezewa.

Katika kijiji chetu cha mbugani nilimkuta mama mmoja mzee kwenye msingi wa namna hiyo. "Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma. Akaitikia, kisha akanionyesha shimo la maji walikochota wanawake kwa ndoo kichwani, asubuhi na jioni, kumwagilia msingi. Katika daftari la michango jina lake halikuwamo, kwa sababu daftari liliandika shilingi tu. Tukabadilisha. Ndoo za maji, mawe, kokoto, mchanga, siku za kuchimba, vyote viliandikwa na kuthaminiwa kwa bei ya sokoni. Kijiji kilichoonekana kizembe kikatokea kimechangia karibu sawa na wengine.

Na usigawe fedha sawa ukidhani umegawa nyumba sawa. Udongo mweusi wa mbuga unavimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, msingi wake lazima uende chini zaidi na unywe nondo na saruji nyingi kuliko ule wa kijiji cha mawe. Rasini kila mfuko wa kilo 50 unalipiwa nauli ya chombo. Tumia fosi akaunti ukitaka, yaani kujenga bila mkandarasi, mafundi wa hapa hapa wanaweza, ila makisio yafanywe eneo kwa eneo.

Mkutano mkuu wa kijiji nao una siku zake. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, mwezi ukijaa wanapumzika. Tazama mwezi kabla hujabandika tangazo, la sivyo nusu ya kijiji itapitisha uamuzi wa kijiji kizima. Eneo la kujenga lazima lipite kwenye mkutano huo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka hivyo. Liwe nje ya mita 60 kutoka ziwani, zilizowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Mafuriko ya 2020, na tena ya 2024, yametufundisha hata hizo mita 60 kuziongezea pale ufuko ulipo tambarare.

Mwisho wa yote rasini walipata nyumba mbili, mbugani moja, na kijiji chenye zahanati moja. Vijiji viwili havikupata kitu. Hao tuliwaandika kwenye muhtasari kwa majina, nani wa kwanza na nani wa pili katika fedha zijazo, na sababu yake. Nakala ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila kijiji. Ahadi ya mdomo hufa na aliyeitoa, na wenyeviti hubadilika kila miaka mitano. Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, mwenyekiti mpya wa kijiji kimojawapo alikwenda ofisini kulalamika kwamba kwao hakukufika nyumba katika mgao wa pili. Mtendaji aliyenirithi alifungua jalada, akamsomea ukurasa ule, akamwonyesha jina la kijiji chake limeandikwa la kwanza.