Jina Lililochongwa ni la Muuzaji: kwa wanaoanza kuorodhesha kamera za Kijapani za kabla ya vita

Imerudi tena. Kadi imejazwa vizuri, vipimo vimechukuliwa kwa uangalifu, picha zimepigwa pande zote sita, halafu kwenye mstari wa mtengenezaji limekaa neno moja: Hansa, alama ya muuzaji. Kadi ya pili, ya kamera nyingine, imeandikwa Asanuma, muuzaji mwingine. Ya tatu ina jina sahihi la kiwanda, ila mwaka umesogezwa mbele ili ulingane na mwaka kampuni ilipoandikishwa. Wadogo zetu, makosa haya tuliyafanya kabla yenu, ndiyo maana tunayatambua kwa mbali. Tunawaandikia kwa sababu kazi yenu ni nzuri, na inauma kuiona ikiharibikia kwenye mstari mmoja.

1. Someni sehemu ya chini ya tangazo kwanza. Katika majarida ya picha ya Kijapani ya miaka ya 1930, majina ya kampuni hukaa chini kabisa, na kila jina lina cheo chake. Hatsubaimoto ni anayeitoa bidhaa sokoni. Seizōmoto ni aliyeitengeneza. Sōdairiten ni wakala mkuu. Mara nyingi seizōmoto hatajwi popote, na jina kubwa kuliko yote ni la muuzaji. Tangazo likiwa na hatsubaimoto peke yake, jazeni mstari wa muuzaji na mwache mstari wa mtengenezaji wazi. Nafasi tupu haimdanganyi mtu. Jina lisilo lake litanakiliwa na kadi zitakazofuata.

2. Neno "duka" ndani ya jina la kampuni halithibitishi kwamba ni duka. Shōten ni duka, shōkai ni kampuni ya biashara, honten ni duka kuu. Mgeni akiona Nichi-Doku Shashinki Shōten, yaani Duka la Kamera la Japani na Ujerumani, huipeleka kwenye jalada la wauzaji. Hapo amepotea. Kampuni hiyo ilianzishwa na Kazuo Tashima mwezi wa Novemba 1928 pamoja na Wajerumani wawili, ikatoa kamera yake ya kwanza, Nifcalette, mwaka 1929, ikawa Molta mwaka 1931 na Chiyoda Kōgaku Seikō mwaka 1937. Jina la kamera, Minolta, lilianza mwaka 1933. Hilo "duka" lilikuwa kiwanda tangu mwanzo. Aliyekuwa akizisambaza kamera zake ni Asanuma Shōkai, nyumba ya biashara iliyoanza mwaka 1871, ambayo bidhaa zake nyingine mnazijua kwa alama ya King. Basi Minolta ya kukunja ya miaka hiyo ikiwa na jina la Asanuma kwenye boksi na kwenye tangazo, yaliyoandikwa ni kweli tupu. Kosa ni la anayeyasoma vibaya.

Na msiishie hapo. Geuzeni lenzi. Coronar na Promar za Minolta zilisagwa na Asahi Kōgaku, kampuni iliyokuwa pia ikiisagia Konishiroku (Konica ya baadaye) lenzi za Optor. Kamera moja, wenye kazi watatu, na kadi zetu zina mstari mmoja wa jina! Ongezeni mistari: muuzaji, aliyeunganisha, aliyesaga lenzi, aliyetoa shata (kifaa kinachofungua na kufunga njia ya mwanga).

Kuna na kesi ya kinyume, nayo ndiyo inayotufundisha zaidi, kwa hiyo mtatuvumilia kidogo. Mwaka 1873 kijana Sugiura Rokusaburō alianza kuuza vifaa vya picha katika duka la dawa la Konishiya Rokubei, mtaa wa Kōjimachi, Tokyo. Duka la dawa lilikuwa mahali pake hasa. Mpiga picha wa wakati ule alipaka kioo dawa yeye mwenyewe, kwa hiyo kabla ya kamera alihitaji nitrati ya fedha, etha na alkoholi. Baadaye duka likahamia Nihonbashi na kuwa Konishi Honten, ndiyo Konishiroku ya baadaye. Kuanzia mwaka 1882 likaanza kuagiza kamera kwa mafundi wa nje, na mwaka 1902 likafungua kiwanda chake, Rokuōsha. Mwaka uliofuata ikatoka Cherry, kamera ya mkononi ya sahani za kioo. Mnaona hatua zilivyopangana: muuza dawa, muuza vifaa, mwagizaji, mwenye kiwanda. Kwa hiyo neno Konishi kwenye kamera ya mbao lina maana tofauti kulingana na mwaka. Kabla ya 1902 linasema "tumeagiza na tumeuza". Baada ya hapo linaweza kusema "tumetengeneza", mkiona Rokuōsha imetajwa.

Kibati cha duka kwenye kamera ya mbao, kimulikeni kwa taa ya pembeni. Matundu ya zamani ya skrubu yasiyolingana na kibati yanaonyesha kuwa kibati kimebadilishwa. Msiking'oe kutafuta uthibitisho.

3. Hansa Canon. Hapa tunakaa, kwa sababu hapa ndipo tulipoharibu zaidi.

Tuanze na hali yenyewe. Mwaka 1933 karakana ndogo ilifunguliwa Roppongi, Tokyo, kwa jina la Seiki Kōgaku Kenkyūjo. Ndani yake alikuwemo Gorō Yoshida, aliyekuwa amefungua Leica, kamera ya Kijerumani, na kukuta humo shaba nyeupe, alumini, chuma na mpira, hakuna almasi. Pamoja naye Saburō Uchida. Mwaka 1934 wakatangaza kamera waliyoiita Kwanon, na mwaka huohuo Yoshida akaondoka. Karakana ilijua kutengeneza mwili wa kamera na shata ya pazia la kitambaa. Lenzi haikuwa nayo, wala mtandao wa maduka. Lenzi ikatoka Nippon Kōgaku (Nikon ya leo): Nikkor ya milimita 50, f/3.5. Nippon Kōgaku walitoa pia kifungio cha lenzi chenye mzunguko wa kulenga, na vioo vya kipima masafa na vya dirisha la kutazamia. Mauzo yakashikwa na Ōmiya Shashin Yōhin, wauzaji wa vifaa vya picha, ambao alama yao ya biashara ilikuwa Hansa, jina la umoja wa kale wa miji ya wafanyabiashara kaskazini mwa Ujerumani. Kamera ikaingia sokoni Februari 1936 kwa yen 275. Leica wakati huo ilifika yen 420, na msomi anayeanza kazi kwenye kampuni kubwa alipata kama yen 70 kwa mwezi.

Sasa makosa yetu, moja baada ya jingine, kama yalivyozaana.

Kwanza tulisoma "Hansa" juu ya kamera na kuiweka kwenye jalada la Hansa. Ndugu zake wa kuanzia 1939, Canon S na Canon J, tukawaweka kwenye jalada la Canon. Familia moja ikagawanyika makabati mawili, na mtu aliyetafuta mwanzo wa Canon kwetu aliukuta unaanzia 1939.

Tulipogundua, tukarekebisha nusu. Tuliona Nikkor, tukaona jina la Nippon Kōgaku, tukaandika kuwa kamera imetengenezwa na Nikon. Kwa mantiki hiyo gari lenye matairi ya kiwanda fulani lingekuwa gari la kiwanda cha matairi. Nippon Kōgaku ilianzishwa 1917, na kamera yake yenyewe, Nikon ya kwanza, ilitoka 1948.

Kisha likaja lile la mwaka. Tulijifunza kwamba kampuni ilianzishwa Agosti 1937, tukaona kadi zinasema 1936, tukasema haiwezekani kamera imtangulie mzazi wake. Tukafuta 1936. Tulifuta tarehe sahihi kwa kalamu nyekundu na kuandika isiyo sahihi, tukijiona waangalifu. Kilichotokea Agosti 1937 ni karakana kuandikishwa kama kampuni ya hisa, Seiki Kōgaku Kōgyō. Kazi ilikuwa imeanza miaka minne nyuma. Tarehe ya kuandikishwa ni tarehe ya wanasheria, na kamera haina habari nayo.

La mwisho ndilo linalotukera mpaka leo. Kuna miili ya kamera hiyohiyo isiyo na neno Hansa juu yake. Sisi tulikuwa tumeshakariri kwamba Canon ya kwanza ni Hansa Canon, basi kila mwili usio na neno hilo tukauandikia "alama imefutwa" au "sehemu ya juu imebadilishwa". Hatukutazama kama kuna athari ya kufuta: rangi iliyofifia, krome iliyokonda, mikwaruzo ya msasa. Hazikuwepo, kwa sababu hakuna kilichofutwa. Miili hiyo haikupitia kwa Ōmiya. Seiki Kōgaku waliiuza wenyewe, kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kuchonga alama ya mtu mwingine. Kile tulichokiita kasoro kilikuwa ushahidi wa njia ya pili ya mauzo, jambo ambalo mtafiti wa biashara ile anaweza kulitafuta kwa miaka. Tulikuwa nalo mkononi, na tukaliandikia kuwa ni bovu. Kadi iliyoandikwa "alama imefutwa" huishusha bei kamera na kumfanya mtaalamu anayefuata asiitazame, na neno likishanakiliwa kwenye orodha nyingine hamwezi kulifuata lote kulirudisha.

Basi mkiikuta kamera ya aina hii, fanyeni hivi. Thibitisheni umbo: kidirisha cha kutazamia kinachochomoka juu kwa kubonyeza kitufe (msikivute kwa kucha), na kihesabio cha picha kikiwa upande wa mbele wa mwili. Kwenye Canon S kihesabio kimehamia chini ya kitufe cha kusogezea filamu. Hapo ndipo mnapozitenga mbili hizo bila kusoma neno lolote. Namba ya mwili na namba ya lenzi ziandikwe mistari tofauti, maana zilitolewa na viwanda viwili na hazikukusudiwa kulingana. Kifungio cha lenzi si skrubu ya Leica, kwa hiyo msijaribu kuingiza lenzi ya uzi. Na kuhusu neno Hansa, andikeni "lipo" au "halipo". Neno "limefutwa" liandikwe tu mkiona dalili kwa kikuzaji cha mara kumi.

Msisafishe maandishi yaliyochongwa kwa spiriti. Rangi iliyojazwa ndani ya herufi hutoka, nayo ni ushahidi.

4. Andikeni jina la kampuni la wakati ule. Mwaka 1936 hapakuwa na kampuni iitwayo Canon. Jina hilo lilikuwa la kamera tu, na kampuni ililichukua 1947. Minolta lilikuja kuwa jina la kampuni 1962, Konica 1987, Nikon 1988. Jina la leo liwekeni kwenye mabano kwa ajili ya anayetafuta.

5. Tarehe. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Shōwa ongeza 1925, Taishō ongeza 1911, Meiji ongeza 1867. Kamera ya Pearlette ya Konishiroku ni Taishō 14, yaani 1925. Taishō iliisha tarehe 25 Desemba 1926, kwa hiyo Shōwa 1 ilidumu wiki moja tu. Mkipata kadi nyingi za Shōwa 1, kuna mtu kahesabu vibaya. "11.2" ni mwaka wa 11, mwezi wa pili, maana Wajapani huanza na mwaka. Namba kama 2600 ni hesabu ya kifalme: toeni 660 mpate 1940.

6. Maandishi. Kabla ya vita mstari wa kulala mara nyingi ulisomwa kutoka kulia. Neno likianza na ン au na kile kistari ー, mmelisoma kinyume, kwa sababu hakuna neno la Kijapani linaloanza hivyo. Kwenye kutafuta, jaribuni herufi za zamani na mpya: 寫眞 na 写真, 光學 na 光学, 六櫻社 na 六桜社, 發賣元 na 発売元. Ōmiya yetu ni 近江屋, inayotokana na mkoa wa zamani wa Ōmi uliosifika kwa wafanyabiashara wake. Haihusiani na mji wa 大宮 unaotamkwa vivyo hivyo. Na キヤノン huandikwa kwa ヤ kubwa ingawa hutamkwa kama ndogo. Msiisahihishe!

7. Mkikwama juu ya mtengenezaji, kuna nyaraka mbili za kuzitafuta mapema. Moja ni orodha rasmi ya bei iliyokusanywa Oktoba 1940 na kuanza kutumika Januari 1941, serikali ilipodhibiti bei. Nyingine ni uchunguzi wa kamera za nchini uliokusanywa Aprili 1943, unaotaja kamera pamoja na waliozitengeneza. Kwa yaliyotangulia hapo kazi ni ngumu zaidi, hasa kabla ya tetemeko la tarehe 1 Septemba 1923, kwa sababu Nihonbashi iliungua, na ndiko maduka makubwa yalikokuwa na daftari zao.

8. Boksi, karatasi ya maelekezo, risiti na kibandiko cha duka vikae na kamera yake. Boksi linalodaiwa kuwa "chafu" na kutupwa ndilo pekee lililobeba jina la hatsubaimoto.

Ile kadi ya Hansa ya wiki hii tumeirudisha kwa aliyeiandika. Mwili wake una neno, kihesabio kiko mbele, lenzi ni f/3.5. Mstari wa muuzaji: Ōmiya Shashin Yōhin. Aliyeunganisha: Seiki Kōgaku Kenkyūjo, au Seiki Kōgaku Kōgyō kama namba itaonyesha ni ya baada ya Agosti 1937. Lenzi na kifungio: Nippon Kōgaku. Amebakiza kuandika namba ya lenzi.