Vijivu vitatu, ukuta mmoja

*Fundi, shikamoo. Tunapaka upya sebule. Nimebakiwa na vijivu vitatu, yaani rangi tatu za kijivu kilichotulia, nimevijaribu ukutani juu ya njano ya zamani. Mume wangu anaapa ni rangi moja. Mimi naona cha kwanza kina uzambarau, cha pili kina ukijani, cha tatu hata sikielewi. Wiki ya pili hii sijaamua.*
— Mwenye ukuta wa madoa

Marahaba, mwanangu. Macho yako ni mazima. Kijivu cha dukani mara nyingi kimetiwa tone la rangi nyingine. Ila huo uzambarau siuamini bado, maana njano husukuma kijivu kilicho jirani yake kielekee zambarau. Mkemia wa Ufaransa, Chevreul, alipokuwa akisimamia upakaji rangi wa nyuzi katika Gobelins, kiwanda cha kufuma mazulia ya ukutani, aliletewa malalamiko kuwa nyuzi nyeusi zimefifia. Akakuta rangi haina kosa, mchawi ni nyuzi za jirani. Kitabu chake kuhusu jambo hilo kilitoka 1839, na bado watu wanalaumu kopo.

Basi achana na ukuta. Tafuta kadibodi tatu nyeupe, kubwa, kama nusu mita hivi. Piga kila moja kijivu chake, mikono miwili, uache ukingo mweupe pande zote. Zikauke kabisa, kwani rangi nyingi za maji hukolea zikikauka. Kisha zitembeze moja moja: karibu na dirisha, kwenye kona yenye kiza, hata chini pale sakafu inaporudisha rangi yake ukutani. Huo ukingo mweupe ndio utakaoumbua tone lililofichwa.

Halafu ngoja usiku. Niliwahi kumpakia mteja chumba cha kulala kwa kijivu ambacho mchana kilitulia kama jivu la jana. Jioni akawasha taa, akanipigia simu: "Fundi, mbona chumba changu kimekuwa rangi ya ufizi?" Nikaenda. Ufizi kweli! Kijivu kile kilikuwa na tone la wekundu, na balbu zake za kelvini 2700 (kelvini ni kipimo cha rangi ya nuru), zenye nuru ya manjano, zililiamsha. Balbu ya 6500 ingekivuta upande wa buluu. Nilirudia kazi kwa gharama yangu, na tangu hapo siamui rangi ya chumba cha kulala saa sita mchana.

Kama sebule yenu hujaa watu jioni, jioni ndiyo iamue. Mimi ningeanza na hicho cha tatu usichokielewa. Maana kuta nne zikitazamana, rangi huongezeka nguvu, na kinachojionyesha mapema kwenye kipande kidogo ndicho kitakachopiga kelele chumba kizima.

Ukishachagua, makopo yote yamiminwe kwenye ndoo moja na kukorogwa, yasije yakatofautiana katikati ya ukuta. Kwa sasa mpe mume wako ashike kadibodi, wewe kaa kwenye kochi lako la kila siku, taa zikiwaka.