Natolewa korodani moja: nichome testosteroni?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Nina miaka 29, nimeoa mwaka jana na hatujapata mtoto. Korodani ya kulia ilikuwa na kijiwe kigumu kisichouma. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe. Nimepangiwa upasuaji, huenda na tibakemikali baadaye. Matiti nayo yameanza kujaa. Rafiki wa jimu anasema nichome testosteroni ili mbegu zisipungue. Ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana, ndugu. Sindano hizo usiziguse. Mbegu hulelewa na testosteroni inayotengenezwa mle mle ndani ya korodani, ambako huwa nyingi mara kadhaa kuliko ile iliyo kwenye damu. Tezi ya pituitari, chini ya ubongo, hutoa homoni ya LH inayoamuru itengenezwe, na FSH inayoziamsha seli zinazolea mbegu. Ukijichoma ya dukani, ubongo unaona imetosha na kufunga LH na FSH zote mbili. Misuli itanona, korodani iliyobaki itasinyaa, na mbegu zinaweza kuisha kabisa. Wapo wanaopungukiwa testosteroni kweli baada ya upasuaji, lakini hilo huamuliwa kwa kipimo cha damu ya asubuhi, na anayetaka mtoto hutafutiwa dawa nyingine.

Hayo matiti mwambie daktari wako leo. Baadhi ya uvimbe wa korodani hutoa hCG, homoni ile ile inayosomwa na kipimo cha mimba cha mkojo (ndiyo, mwanamume anaweza kuonekana ana mimba!). Hufanana na LH, hivyo huichochea korodani itoe testosteroni na estrojeni (homoni ya kike) kupita kiasi. Estrojeni hukuza matiti na kushusha FSH, kwa hiyo mbegu zako huenda zimeshapungua hata kabla ya kisu. Damu ipimwe hCG, AFP na LDH (vitu vinavyoweza kupanda kwenye damu kwa sababu ya uvimbe huu) kabla ya upasuaji.

La haraka zaidi: omba mbegu zipimwe na kugandishwa kabla ya upasuaji, au walau kabla ya dripu ya kwanza ya tibakemikali. Uliza kwenye kliniki zinazopandikiza mimba. Kaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Tumia kikombe cha maabara. Sabuni, mafuta, mate na kondomu ya kawaida huweza kuua au kudhoofisha mbegu. Matone ya kwanza ndiyo yenye mbegu nyingi, kwa hiyo yakimwagika sema, usione haya. Kwa kipimo cha WHO cha 2021, kiwango cha chini ni milioni 16 kwa mililita. Zikiwa chache, gandisha vilevile: kwa njia ya kuchoma mbegu ndani ya yai, yai moja huhitaji mbegu moja tu iliyo hai. Lance Armstrong, mwendesha baiskeli wa Marekani, alihifadhi zake kabla ya tibakemikali mwaka 1996, akapata mtoto kwazo mwaka 1999.

Korodani moja nzima mara nyingi hutosha. Kinachotisha zaidi ni dawa za tibakemikali kama sisplatini, ambayo huua seli zinazogawanyika, zikiwemo za mbegu. Wengi hurudishiwa mbegu ndani ya miaka michache, si wote. Mbegu huchukua siku kama 74 kukomaa, hivyo kipimo cha mwezi mmoja baada ya dawa hakikuambii kama zitarudi. Tumieni kondomu walau mwaka mzima baada ya dozi ya mwisho, ndipo mjaribu mtoto.